Mizani pekee haitoshi kupima lishe ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo

MTOTO mwenye mtindio wa ubongo anapofikishwa kliniki, aghalabu kipimo hushindikana kabla hata hakijaanza. Ubao wa kupimia urefu wamtaka asimame wima, visigino vikigusa ubao na macho yakitazama mbele, ilhali magoti yake hayanyooki na uti wa mgongo umepinda. Mizani ya kuning'inia iliyomfaa alipokuwa na miezi sita haimtoshi tena, na ile ya kukanyaga haimfai asiyeweza kusimama.

Hivyo basi, nafasi ya urefu katika kijitabu chake huachwa wazi, uzani huandikwa kwa kukisia, na mzazi huambiwa kwamba watoto wa aina hiyo huwa wembamba. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli ndani yake, na hiyo ndiyo sababu ni ya hatari. Huweza kumfunika mtoto anayekufa njaa polepole katika nyumba ambayo chakula kipo.

Hali ya mtindio wa ubongo hutokana na jeraha au hitilafu inayoupata ubongo ungali unakua, iwe mimba ikiwa tumboni, wakati wa kujifungua au katika miaka michache ya kwanza ya maisha. Katika Afrika Mashariki, visababishi vinavyotajwa mara nyingi na madaktari ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya watoto wachanga isiyotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo na malaria inayopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini athari zake katika misuli, mifupa na ulaji hubadilika kadiri mtoto anavyokua.

Nchini Uganda, watafiti akiwemo Dkt Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere waliwachunguza watoto 135 wenye hali hii waliokuwa wakihudhuria kliniki katika Hospitali ya Mulago, jijini Kampala. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015 yalionyesha kwamba asilimia 52 yao walikuwa na utapiamlo. Waliopita umri wa miaka mitano walikuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko wadogo wao.

Jambo hilo la umri lafaa kutiliwa maanani humu nchini pia. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto humfuata mtoto hadi miaka mitano, na baada ya hapo hakuna siku maalumu ya kupimwa uzani. Mtoto mwenye afya huendelea kuonekana shuleni. Mtoto asiyetembea, ambaye mara nyingi hayuko shuleni, hupotea machoni pa wapimaji wakati uleule mwili wake unapohitaji chakula kingi zaidi na mama yake anapozidi kulemewa kumbeba.

Mwaka uliotangulia, 2014, ulichapishwa utafiti uliofanywa katika Kaunti ya Turkana. Haukuwahusu wenye mtindio wa ubongo pekee bali watoto wenye ulemavu kwa jumla, na watafiti waliwalinganisha na ndugu zao wa nyumba moja pamoja na watoto wa majirani. Ilibainika kwamba wale wenye ulemavu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na utapiamlo kuliko makundi yote mawili.

Ulinganisho wa ndugu ndio unaozungumza kwa sauti ya juu zaidi. Chungu ni kimoja, ukame ni mmoja na mama ni mmoja, lakini mtoto mmoja amekonda kuliko mwenzake. Umaskini pekee hauwezi kueleza tofauti hiyo.

Na tofauti yenyewe si ya sura tu. Katika maeneo ya mashambani mashariki mwa Uganda, watafiti waliofuatilia watoto wenye mtindio wa ubongo kwa miaka kadhaa walikuta kwamba walikuwa wakifariki kwa kiwango cha zaidi ya mara 20 ya watoto wengine wa eneo hilo, na utapiamlo mkali ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na vifo hivyo.

<b>Njaa inayoanzia kinywani</b>

Kula ni kazi ya misuli. Midomo hufunga, ulimi husukuma, taya hutafuna, koo hufunga njia ya hewa kwa sekunde moja hivi ili tonge lipite, kisha pumzi hurejea. Mtu mzima hufanya hayo yote pasi na kufikiri. Kwa mtoto ambaye ubongo wake hauamrishi misuli ipasavyo, kila hatua yaweza kwenda kombo: ulimi hukitoa nje chakula badala ya kukipeleka ndani, midomo haifungi na uji humwagika kidevuni, au tonge hufika kooni kabla koo halijawa tayari.

Mwisho wa yote mtoto hupaliwa. Wakati mwingine hukohoa na kila mtu akasikia. Wakati mwingine chakula huingia mapafuni kimyakimya, bila kikohozi, na dalili pekee huwa nimonia inayorudi kila baada ya miezi michache. Mzazi akiulizwa kuhusu chakula hasemi lolote baya, kwa maana hakuna baya aliloliona mezani.

Matatizo haya si ya nchi maskini pekee. Utafiti uliofanywa katika eneo la Oxford nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2000, uliosimamiwa na daktari wa watoto Peter Sullivan na wenzake, uliwauliza wazazi wa watoto wenye ulemavu unaotokana na ubongo, wengi wao wakiwa na mtindio wa ubongo. Asilimia 89 ya watoto hao walihitaji kusaidiwa kula. Asilimia 56 walikuwa wakipaliwa na chakula. Kwa asilimia 28, kulishwa kulichukua muda mrefu, kiasi cha saa tatu kwa siku. Lakini takwimu iliyowashtua wengi ni kwamba asilimia 64 hawakuwahi hata mara moja kufanyiwa tathmini ya ulaji na lishe yao, na hayo yalikuwa katika nchi ambako matibabu hayalipiwi na mgonjwa.

Ndiposa wataalamu husema tathmini ya lishe ianze kwa kumtazama mtoto akila, wala si kwa kumweka kwenye mizani. Maswali ni mepesi. Mlo mmoja huchukua dakika ngapi? Kiasi gani humezwa na kiasi gani huishia kwenye nguo? Je, pumzi hubadilika au macho hulengwa na machozi anapokunywa maji? Hulishwa akiwa amelala chali, au ameketi huku kichwa kikiwa kimeshikiliwa wima na kidevu kikiwa kimeinama kidogo?

Mzazi anayejibu kwamba mtoto hula bakuli zima la uji asema kweli kuhusu bakuli. Iwapo theluthi yake ilifutwa kwa kitambaa, hesabu ya kalori tayari imeharibika. Kwa sababu hiyo maelezo ya mdomo kuhusu chakula huelekea kuonyesha kiasi kikubwa kuliko kile kilichofika tumboni.

Mnamo 2014, wataalamu wa Uingereza walichapisha mfumo wa kupanga uwezo wa kula na kunywa katika ngazi tano, unaofahamika kwa kifupi kama EDACS. Mtoto wa ngazi ya kwanza hula na kunywa salama na bila kuchelewa. Wa ngazi ya tano hawezi kumeza salama, na yafaa kufikiriwa njia ya mpira. Huenda sambamba na mfumo wa zamani kidogo, GMFCS, uliobuniwa mwaka wa 1997 na Robert Palisano na wenzake katika Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, ambao hupanga uwezo wa kutembea: ngazi ya kwanza mtoto hutembea bila msaada, ya tano husukumwa katika kiti cha magurudumu na hawezi kuhimili kichwa chake vyema. Kujua ngazi hizo mbili humpa mhudumu picha ya hatari iliyopo hata kabla ya kugusa mizani.

<b>Urefu usiopimika</b>

Uzani hupatikana kwa njia rahisi. Mama husimama kwenye mizani akiwa amempakata mtoto, kisha husimama peke yake, na tofauti ndiyo uzani wa mtoto. Ikiwa wote wawili wana kilo 74.2 na mama pekee ana kilo 61.4, mtoto ana kilo 12.8. La muhimu ni mizani iwe ileile kila mara, na viatu, shuka na vifaa vya kunyoosha miguu viwekwe kando.

Urefu ndio mgumu. Kumlaza mtoto ambaye magoti, nyonga na mgongo vimejikunja, kisha kunyoosha utepe kutoka utosini hadi kisiginoni, ni kupima umbali wa hewani, wala si urefu wa mtoto.

Suluhisho lilichapishwa na daktari Mmarekani Richard Stevenson mnamo 1995. Alionyesha kwamba kipande kimoja cha kiungo chaweza kutumiwa kukadiria urefu mzima wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo wa hadi miaka 12. Goti hukunjwa pembe mraba, na umbali kutoka chini ya kisigino hadi juu ya goti hupimwa kwa sentimita. Tarakimu hiyo huzidishwa kwa 2.69, kisha hujumlishwa na 24.2. Pale ambapo goti au kifundo cha mguu hakikunjiki ipasavyo, hupimwa urefu wa mfupa wa muundi na kuzidishwa kwa 3.26, kisha hujumlishwa na 30.8. Vilevile kuna hesabu ya mkono wa juu, kutoka bega hadi kiwiko.

Umuhimu wa hesabu hiyo huonekana kwa mfano. Tuseme ni mvulana wa miaka sita mwenye zile kilo 12.8. Amelazwa ubaoni magoti yakiwa yamejikunja, na utepe ukaonyesha sentimita 98. Uzani ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, jibu ni 13.3. Kwa vipimo vya WHO, mpaka wa wembamba unaotia wasiwasi kwa mvulana wa umri huo ni 13.0. Mhudumu atashusha pumzi na kumwita anayefuata kwenye foleni.

Sasa mguu upimwe. Goti hadi kisigino ni sentimita 31, na kwa hesabu ya Stevenson urefu wake ni sentimita 107.6. Jibu lashuka hadi 11.1, chini hata ya 12.1 ambao ni mpaka wa wembamba uliokithiri. Mtoto ni yuleyule, mizani ni ileile, na nusu ya wavulana wa umri wake duniani wana zaidi ya kilo 20. Kosa la sentimita tisa na ushei lilitosha kumwondoa katika orodha ya wanaohitaji matibabu ya haraka.

<b>Mafuta au misuli?</b>

Hata urefu ukipatikana sawasawa, swali kubwa zaidi husalia. Kilo hizo ni za nini?

Mwili una mafuta na una sehemu isiyo mafuta, yaani misuli, mifupa, viungo vya ndani na maji. Kwa mtoto wa kawaida mgawanyo huo hutabirika, na kwa hiyo uzani hutosha kuwakilisha lishe. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo utabiri huo huvunjika. Msuli usioamrishwa na ubongo husinyaa hata kama mwenyewe anakula vizuri. Mtoto wa namna hiyo aweza kuwa na kilo chache bila kuwa na njaa. Mwingine aweza kuwa na kilo zinazoridhisha chati, lakini nyingi ni mafuta yanayoficha misuli na mifupa dhaifu.

Utafiti uliochapishwa na Lisa Samson-Fang na Stevenson mnamo 2000 ulithibitisha kwamba kulinganisha uzani na urefu kuliwapita bila kuwaona wengi wa watoto waliokuwa wameishiwa akiba ya mafuta. Kipimo kilichowanasa karibu wote kilikuwa cha bei nafuu mno: unene wa ngozi inayofinywa nyuma ya mkono.

Kipimo hicho hufanywa katikati ya bega na kiwiko, kwa mkono usioathirika sana. Mhudumu huivuta ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake, akiuacha msuli, kisha hutumia kifaa mithili ya koleo kiitwacho kalipa kupima unene kwa milimita. Hupima mara tatu na kuchukua wastani. Kinachohitajika ni mkono uliozoea, maana anayefinya vibaya hupata jibu tofauti kila mara, na ndiyo sababu yafaa mtoto apimwe na mtu yuleyule kila ajapo.

Utepe wa rangi wa kuzungushia mkono, unaojulikana na kila mhudumu wa afya ya jamii, pia una nafasi yake. Kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliye chini ya mpaka huo anastahili kutibiwa kama mwingine yeyote, pasi na kuambiwa kwamba wembamba ni sehemu ya ulemavu wake.

Hata hivyo, utepe pekee hautofautishi mafuta na misuli. Chukua watoto wawili ambao mikono yao ina mzingo wa sentimita 15. Ngozi ya wa kwanza ina unene wa milimita sita, ya wa pili milimita 14. Ukizidisha unene huo, kwa sentimita, kwa 3.14 na kuuondoa katika mzingo, msuli wa wa kwanza una mzingo wa sentimita 13.1, na wa pili sentimita 10.6 tu. Wa kwanza huenda akahitaji kuongezewa vyakula vya nguvu kama mafuta na njugu. Wa pili ana akiba ya kutosha, na kumwongezea mafuta ni kumwongezea mzigo. Anachohitaji ni mazoezi, protini na uchunguzi wa mifupa.

Hospitali za utafiti zina mitambo ya hali ya juu zaidi. Mashine ya DXA hutumia eksirei hafifu kutenganisha mafuta, misuli na mifupa, lakini humtaka mtoto alale tuli, jambo gumu kwa mwenye misuli inayocheza bila hiari. Kuna pia kifaa kinachopitisha umeme mdogo mno mwilini na kukadiria kiasi cha maji kutokana na ukinzani wake.

Njia nyingine ni ya maji mazito. Mtoto hunywa kiasi kidogo cha maji yenye haidrojeni nzito, isiyo na mnururisho wala madhara, na baada ya saa chache mate au mkojo wake huchunguzwa ili kuona maji hayo yamezimuliwa kiasi gani. Sehemu isiyo mafuta ya mwili huwa na maji takriban asilimia 73, nayo mafuta karibu hayana maji, hivyo hesabu hukamilika. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lenye makao jijini Vienna limesaidia maabara za Afrika kutumia njia hii. Kwa mtoto anayetokwa na udenda au kupaliwa, hata hivyo, kijiko kimoja kikimwagika kipimo chote huharibika, na wapimaji hulazimika kupitisha maji hayo kwa mpira.

Mitambo hiyo ndiyo iliyofichua kwamba hata kalipa hukosea. Mnamo 2010, Matthew Gurka na wenzake nchini Marekani walilinganisha hesabu za kawaida za ngozi na matokeo ya DXA, wakakuta kwamba hesabu hizo zilipunguza kiasi cha mafuta walicho nacho watoto wenye mtindio wa ubongo. Mafuta yao hayakai hasa mikononi na miguuni bali zaidi katikati ya mwili. Walipendekeza marekebisho, na tangu hapo hesabu ya zamani haipaswi kutumiwa bila marekebisho hayo.

<b>Chati ipi itumike?</b>

Hapa pana mgogoro ambao wazazi hawaelezwi sana. Chati za WHO za mwaka wa 2006, zinazotumiwa humu nchini, zilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani waliochaguliwa kwa kuwa na afya njema na kulelewa katika mazingira mazuri. Zinaonyesha jinsi mtoto anavyopaswa kukua. Mtoto asiyetembea huwa chini ya mistari hiyo karibu siku zote, na baadhi ya madaktari huona kwamba kumlinganisha nayo ni kumwonea.

Ili kutatua hilo, chati maalumu zilitengenezwa Marekani. Zile zilizochapishwa na Jordan Brooks na wenzake mwaka wa 2011 zilitokana na watoto 25,545 wa jimbo la California, waliogawanywa kwa ngazi ya uwezo wao wa kutembea. Ni kazi kubwa na yenye manufaa. Iligunduliwa kwamba kwa wanaotembea, wale waliokuwa miongoni mwa watano wepesi zaidi katika kila watoto 100 walikuwa na hatari ya kufariki mara 2.2 ya wenzao. Kwa wenye ulemavu mkali zaidi, hatari iliongezeka mara 1.5 kwa waliokuwa miongoni mwa 20 wepesi zaidi katika kila 100.

Lakini chati hizo zinaonyesha jinsi watoto hao walivyokua, wala si jinsi walivyopaswa kukua. Miongoni mwao walikuwemo waliolishwa vizuri na waliokuwa na njaa. Mtoto akiwa katikati ya chati ya wenye utapiamlo hajawa mzima kwa sababu tu ana wenzake wengi. Jopo la wataalamu wa Ulaya wa tumbo na lishe ya watoto, ESPGHAN, lilisema waziwazi katika mwongozo wake wa 2017 kwamba chati maalumu zisitumiwe kutambua utapiamlo. Msimamo huo una mashiko, hasa katika nchi ambako utapiamlo ni jambo la kawaida na kisingizio cha kutotibu hupatikana kwa urahisi.

Badala yake jopo hilo lilitaja ishara za hatari ambazo hata kituo kidogo cha afya chaweza kuzitambua: vidonda vya kulalia, mikono na miguu baridi yenye mzunguko hafifu wa damu, uzani ulio chini mno kwa umri, ngozi ya mkono iliyo nyembamba kuliko ya watoto 90 katika kila 100, na uzani unaosimama au kushuka badala ya kupanda. Ishara hiyo ya mwisho haihitaji chati yoyote. Yahitaji tu tarakimu ya leo na ile ya miezi iliyopita ziandikwe mahali pamoja.

Miguu iliyovimba nayo isisahaulike. Maji ya uvimbe huongeza kilo, na mtoto mwenye kwashakoo aweza kuonekana mizani ikimpongeza.

<b>Kulisha kupita kiasi, na mifupa</b>

Mtoto asiyetembea hutumia nguvu kidogo kuliko rika lake, ilhali yule ambaye misuli yake hucheza mfululizo bila hiari huweza kutumia nyingi kuliko inavyodhaniwa. Ndiyo maana hakuna kiasi kimoja cha chakula kinachoweza kuandikiwa watoto wote wenye hali hii. Hukadiriwa, hupewa, kisha hupimwa tena.

Kosa la kuzidisha hutokea hasa mtoto anapoanza kulishwa kwa mpira uliopasuliwa njia hadi tumboni. Mwaka wa 2006, Sullivan na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto waliolishwa kwa njia hiyo walikuwa na mafuta mengi kuliko ilivyotarajiwa, ingawa kalori walizopewa hazikuwa nyingi. Kilo zilipanda na kila mtu akafurahi, lakini hazikuwa za misuli. Naye mama anayembeba mgongoni mtoto wa miaka kumi ajua tofauti ya kila kilo inayoongezeka.

Mifupa huwa dhaifu kwa sababu haisimamiwi. Hali huzidi kuwa mbaya kwa mtoto anayefichwa ndani asikokuwa na jua, na kwa anayetumia dawa za kifafa kama fenobabitoni na fenitoini, ambazo huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D mwilini. Paja laweza kuvunjika wakati wa kubadilishwa nguo, bila mtu kuanguka wala kupigwa. Wazazi wamewahi kushukiwa ukatili kwa ajili ya mivunjiko ya namna hiyo, na mhudumu anayeshuku yafaa kwanza aulize kuhusu dawa, jua na maziwa.

Mwongozo wa Ulaya wapendekeza vipimo vya mwili virudiwe angalau kila baada ya miezi sita, na damu ichunguzwe kila mwaka kuhusu madini na vitamini. Kwa mtoto mchanga, au anayepungua, miezi sita ni mingi mno. Ikiwa kulisha huchukua zaidi ya saa tatu kwa siku, au nimonia inajirudia, mwongozo huo husema njia ya mpira izungumziwe na familia. Upasuaji wenyewe aghalabu hufanywa katika hospitali kubwa, na mpira wa puani hutumiwa kwa muda kabla ya uamuzi.

Kabla ya kufikia hapo yapo mengi yanayowezekana nyumbani. Uji mzito humezwa salama kuliko maji matupu kwa watoto wengi wanaopaliwa. Kijiko cha mafuta, njugu zilizosagwa laini, parachichi lililopondwa au yai huongeza nguvu bila kuongeza wingi wa chakula, na wingi ndio unaomchosha mtoto. Milo midogo mitano hushinda mikubwa miwili. Choo kigumu kishughulikiwe, kwa kuwa tumbo lililofunga huua hamu ya kula, na mkojo mchache wenye rangi nzito waonyesha kwamba maji anayopata hayatoshi.

Mzazi anayekwenda kliniki aweza kubeba daftari lenye mambo manne: dakika za kila mlo kwa siku tatu, chakula alichopewa na kilichomwagika, mara alizopata nimonia mwaka huo, na dawa anazotumia. Akifika, aombe uzani wa kupakatwa uandikwe, mguu upimwe kutoka kisigino hadi goti, na unene wa ngozi ya mkono uandikwe kando ya tarakimu hizo pamoja na tarehe. Kama kituo hakina kalipa, utepe wa kawaida wa fundi cherehani hutosha kwa mguu na mzingo wa mkono, na hesabu ya Stevenson hufanyika kwa simu yoyote.